Maji Yenye Ladha ya Moshi

Kazi yangu ni kutema. Watu wakiniuliza nafanya nini kiwandani nawajibu hivyo hivyo, wakicheka shauri yao. Kila asubuhi napangiwa vikombe kumi na viwili vya maji ya chupa. Nanusa, nafumba macho, nazungusha kinywani, natema kwenye sinki, kisha naandika kwenye kadi neno moja kati ya mawili: yapite, au yamwagwe. Nikiandika yapite, chupa zinabandikwa karatasi na kupakiwa. Nikiandika yamwagwe, yanamwagwa, hata kama ni chupa elfu kumi, na hakuna wa kunibishia, si Meneja wala mwenye kiwanda mwenyewe. Miaka ishirini na miwili nimeifanya kazi hiyo. Sili kitunguu siku ya kazi, sinywi kahawa, sijipaki manukato, na marehemu mume wangu aliacha sigara kwa sababu nilimwambia achague. Wenzangu wananiita Bi Kaakaa. Si kwa mapenzi tu. Wananiogopa kidogo, nami sijawahi kuwakataza.

Maji yetu si maji ya hivi hivi. Nyuma ya kiwanda kuna kisima kirefu, na humo maji yalikuwa yakipanda yakiwa na mapovu yake tayari, maana chini kabisa mlima uliolala tangu enzi ambazo hakuna wa kuzisimulia bado unapumua polepole. Gesi yake inapenya kwenye miamba, inaingia majini, maji yanapanda nayo. Ndivyo inavyosema karatasi ya chupa: kuna picha ya mlima, na chini yake maneno "Mapovu ya Asili, kutoka Tumbo la Mlima." Ukiyanywa maji yale ulipata ladha ya jiwe baridi, halafu uchachu mdogo kwenye ncha ya ulimi, halafu basi. Nilikuwa nikimaliza vikombe kumi na viwili najisikia kama nimetoka kuoga.

Mwaka juzi kisima kikachoka. Maji yaliendelea kuja, ila mapovu yalipungua wiki hadi wiki, mpaka yakawa maji tu. Mwenye kiwanda akaleta mtambo, ukafungwa nyuma ya ghala la chupa tupu, mahali ambapo wageni hawapitishwi. Sasa nisikilizeni vizuri. Mtambo ule unachoma dizeli. Hauchomi ili uendeshe mashine, wala ili uchemshie mtu chai. Unachoma ili upate moshi. Moshi unaoshwa, unapitishwa kwenye dawa inayonasa gesi, dawa inachemshwa ili iiachie, gesi inapita kwenye chujio la makaa maalumu yanayofyonza harufu, halafu inasukumwa ndani ya maji yetu. Na kwenye karatasi ya chupa, mlima ukabaki palepale.

La kukera zaidi, ng'ambo ya ukuta wetu kuna tanuri la chokaa. Wanachoma mawe kutwa kucha, na gesi hiyohiyo inatoka kwenye moto na kwenye mawe yenyewe, inapanda angani bure. Ukisimama kwenye mtambo wetu unaiona. Nilimwuliza Mkemia kwa nini tusiombe bomba moja tu kutoka kwa jirani. Mkemia ni binti wa maabara, umri wake ni kama wa mwanangu wa mwisho, na ndiye mtu pekee pale kiwandani anayeniita mama.

"Hawaelewani, mama," akanijibu. "Mwenye tanuri na mwenye kiwanda waligombania ule ukuta, nani kaingia kwa nani. Tangu hapo hawasalimiani."

"Kwa hiyo tunachoma dizeli kwa sababu ya ukuta."

"Kwa sababu ya ukuta."

Nilimwambia gesi ya dizeli nitaijua tu ulimini, haiwezi kunipita. Akacheka, akaniambia nitajisumbua. "Gesi ni ileile. Inayotoka mlimani, kwenye jani linalooza, kwenye moto wa msitu, kwenye bahari, kwenye pumzi yako unavyonigombeza sasa hivi, na kwenye dizeli. Ikisafishwa vizuri hakuna ulimi duniani wa kuzitenganisha."

"Basi kelele za nini redioni kila siku, kama zote ni moja?"

Akakaa juu ya ndoo aliyoipindua, kama anavyofanya akitaka kunifundisha. "Pumzi yako imetoka kwenye chakula, chakula kimetoka kwenye mmea, na mmea uliichukua gesi hewani. Inazunguka, mama. Inatoka na kurudi. Mlima nao unatoa, lakini kidogo. Ukijumlisha milima ya moto yote ya dunia haifiki hata moja katika mia ya tunachochoma sisi. Mafuta yalikuwa yamezikwa. Yangebaki huko. Sisi ndio tunaoyafukua na kuyarusha juu, na huko juu hakuna nafasi yake."

Mtu anayefukua kilichozikwa ana jina lake, na si jina la kutajwa mbele ya watoto. Lakini nilitema maji yangu, nikaandika yapite, maana Mkemia alisema kweli: dizeli ilikuwa imesafishwa, na ulimi wangu haukuiona. Uchafu wake sikuuonja, niliujua tu, na kadi yangu haina mahali pa kuandika kitu unachokijua.

Anayeuendesha mtambo huo ni mdogo wangu. Ni kitinda mimba wetu, mfupi, mnene, anaitwa Kipipa tangu shule ya msingi. Mama alimzaa mimi nikiwa na miaka kumi na minne, nikambeba mgongoni mpaka mgongo ukazoea. Nilimwombea kazi mimi. Kipipa ana mke na mapacha, wote wanabanana kwenye vyumba viwili vya uani kwa Mama, na mshahara wake ndio unaoendesha nyumba ile yote. Wakati huo alikuwa ameshapata barua mbili za onyo: ya kwanza kwa kulala kazini, ya pili kwa kusahau mfuniko wa tangi mpaka dizeli ikatambaa uani na kuua majani yote ya pembeni mwa ukuta. Kiwandani kwetu barua ya tatu haina maelezo, ni ya kwenda nyumbani.

Basi, Jumanne moja asubuhi, kikombe cha tatu kikanipiga puani kabla sijakiinua. Ilikuwa harufu ya jiko lililomwagiwa maji. Nikazungusha kinywani: moshi, majivu, na nyuma ya majivu kitu kingine chenye ukali, kitu cha kona ya nyumba isiyofagiliwa. Nikatema. Nikasukutua. Nikachukua cha nne, kilekile. Cha tano hadi cha kumi na mbili, kilekile. Nikashika sinki kwa mikono miwili. Katika miaka ishirini na miwili nilikuwa nimekutana na kutu, sabuni, plastiki, hata mjusi mmoja, Mungu anisitiri, lakini sijawahi kuona kinyaa kama kile. Nikaandika yamwagwe kwa herufi kubwa mpaka kalamu ikatoboa kadi.

Sijaitoa kadi mlangoni, Kipipa akaingia. Hakubisha hodi. Akafunga mlango nyuma yake.

"Dada, umeshaonja?"

"Nimeonja. Umetia nini humo?"

Akatazama viatu vyake. Makaa maalumu ya chujio yalikuwa yamekwisha tangu Ijumaa, na yaliyoagizwa yalikuwa bado njiani. Alikwenda kumwambia Meneja, Meneja akamjibu atumie akili. Kipipa akatumia akili. Alikwenda stoo kwa Mama, akabeba gunia la makaa ya kupikia, akayaponda kwa mchi, akayachekecha, akayajaza kwenye chujio.

"Makaa ni makaa, dada," akasema. "Nilifikiri ni yaleyale, yetu tu hayajavaa suti."

"Gunia lipi? Lile la nyuma ya mlango?"

"Hilo hilo."

"Lile ambalo paka wa Mama analalia?"

Paka wa Mama, kila mtu pale nyumbani anajua, halalii tu. Nilirudi kwenye sinki, na safari hii sikutema maji peke yake.

Nilipoinuka alikuwa bado amesimama mlangoni, jasho limemkusanyika juu ya mdomo, kama alipokuwa na miaka mitano akivunja kitu. "Ukiandika yamwagwe," akasema, "watafungua chujio. Wakifungua chujio wameniona. Hiyo ndiyo barua ya tatu. Mimi sijui kazi nyingine, dada. Nawalisha nini wale watoto?"

"Na watu watakaoyanywa?"

"Hayaui. Nimeyanywa glasi tatu tangu asubuhi, niko hapa."

Ningemwambia maneno mengi. Nilikuwa nayo, yamejipanga. Lakini nilikuwa nimemwona yule mkewe Jumapili akimega mkate mmoja mara nne kwa kipimo cha vidole, na damu ni nzito kuliko maji, hata yawe na mapovu. Nikaichana ile kadi vipande vidogo, nikavitupa. Nikachukua nyingine. Nikaandika yapite. Mkono wangu ulinuka jivu, au nilidhani unanuka, na niliunawa mara tatu kabla ya kwenda nyumbani. Siku ile nilijichukia, nasema wazi, na kesho yake pia.

Nikakaa nikisubiri malalamiko. Wiki ya kwanza kimya. Wiki ya pili Meneja akaniita ofisini kwake, nami nikaenda nimeshapanga la kusema: kosa langu, mafua, ulimi umezeeka. Nilimkuta ametandaza barua mezani, uso unang'aa.

"Bi Kaakaa, umetufanyia nini?" akasema. "Ule mzigo wa Jumanne. Watu wanauliza. Maduka yanataka mwingine. Sikiliza huyu: 'Hatimaye maji yanayoonyesha yalikotoka.' Na huyu: 'Ukinywa unauhisi mlima.'"

"Mlima gani?"

"Mlima wetu. Mlima wa moto unatoa moshi, sivyo?"

"Huu haujatoa moshi tangu binadamu ajue kusema, bwana Meneja."

"Mnywaji anajua hilo?" akaniuliza, na akanitazama kwa upole, kama mtu anayemwuliza mtoto.

Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata ile ilikuwa na mdomo mrefu. Kipipa, alipoona hagombezwi mtu, aliyamwaga yote mbele ya Meneja: gunia, mchi, chekecheke. Paka alimwacha nyuma. Nilitegemea Meneja atapike. Alicheka mpaka akafuta macho, akampa mkono. Mwezi haukuisha, karatasi mpya zikaja: picha ya mlima uleule, safari hii na wingu jeusi kichwani, na maneno "Ladha ya Moshi wa Asili." Kipipa akapewa koti jeupe na cheo cha Msimamizi wa Ladha. Kila Ijumaa akawa anaponda makaa, mbele ya watu, kwa heshima zote.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Ijumaa moja tulikula mchana kwa Mama, Kipipa akaja na kreti nzima begani. Mama ni mtu aliyeyachota maji ya mlima huo kwa mkono alipokuwa msichana, kabla ya kiwanda, kabla ya bomba. Nikasema moyoni, huyu hatadanganyika. Akainua glasi, akanywa, akafumba macho.

"Haya ndiyo yenyewe," akasema. "Haya ndiyo maji ya utoto wangu. Yalikuwa na kimoshi hivi hivi."

"Mama, hayakuwa na moshi."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo, lakini nimeyaonja miaka ishirini."

"Mimi nimeyaoga," akasema, na akajimiminia glasi ya pili. "Kipipa, mwanangu, Mungu akuzidishie. Sasa hebu nitafutieni anayeniibia makaa yangu stoo, maana gunia la tatu hilo."

Kipipa aliitazama sahani yake kana kwamba imeandikwa kitu. Mimi nililirudisha tonge sahanini. Kumwuzia mtu uongo ni jambo moja. Kuingia mpaka kwenye kumbukumbu za bibi kizee na kumwagia jivu humo, hilo lilinichefua kuliko paka.

Na kadi yangu ikabadilika. Meneja aliileta mwenyewe, imepigwa chapa upya. Chini ya yale maneno mawili kulikuwa na kipimo: moshi uwepo, usizidi, usipungue. Maji yasiyonuka yakawa ndiyo mabovu. Kila asubuhi nikawa naweka vikombe kumi na viwili vya jiko lililozimwa mbele yangu, nazungusha kinywani, nasema moyoni, huu moshi unatosha, huu umepungua. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Baada ya miezi sita niligundua kwa hofu kwamba naweza kutofautisha gunia la Mama na gunia la dukani.

Nyuma ya ghala mtambo haukuzimwa tena hata Jumapili. Lori la dizeli lililokuwa likija mara moja kwa wiki likawa linakuja mara tatu. Ng'ambo ya ukuta tanuri nalo linatoa lake. Mkemia akawa ananiletea vikombe bila maneno, anaviweka, anaondoka. Ile ndoo hakuipindua tena.

Halafu ardhi ikatikisika. Haikuwa kubwa, vikombe viligongana kabatini, mtu mmoja akapoteza miwani, yakaisha. Lakini siku ya tatu yake Mkemia akaja anakimbia, yeye ambaye hata mvua haimkimbizi, amebeba glasi moja ameifunika kwa kiganja.

"Onja, mama."

Nilinusa. Hakukuwa na kitu. Nikaweka ulimini: jiwe baridi, halafu uchachu mdogo kwenye ncha, halafu basi. Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa. Mapovu yalikuwa madogo, yanapanda kama yana haraka ya kunisalimia.

"Kisima kimerudi," akasema. "Tangu jana. Gesi ni nyingi kuliko ilivyokuwa zamani. Tumejaza chupa elfu nne za majaribio, hazijapita kwenye mtambo hata kidogo. Nimekwenda kwa Meneja, nimemwambia hatuhitaji dizeli tena. Amesema sheria ya kiwanda ni ileile, neno la mwisho ni la Bi Kaakaa. Ukiandika yapite, mtambo unazimwa leo." Akaiweka kadi mezani, akanyoosha pembe zake kwa vidole. "Andika tu, mama. Neno moja."

Niliishika kalamu. Sitasema nilisita kwa muda mrefu, maana mlango uliachwa wazi, na Kipipa alikuwa amesimama ukumbini na koti lake jeupe. Alishasikia. Hakuingia, hakusema dada, hakusema watoto. Alikuwa anafunga kifungo cha juu cha koti na kukifungua, anakifunga na kukifungua. Mtambo ukizimwa, Msimamizi wa Ladha anasimamia nini? Angerudi kuwa Kipipa mwenye barua mbili.

Nikaandika yamwagwe.

Mkemia aliitazama ile kadi kama aliyeshindwa kuisoma. Halafu akazungumza polepole, ili nisije nikasema baadaye sikuelewa.

"Maji yaliyokwisha kujaa gesi hayapokei ya mtambo, kwa hiyo wataweka bomba juu ya kisima, ile gesi ya mlima itoke ipite juu ya paa iende zake hewani. Maji yatabaki matupu. Halafu tutachoma dizeli, turudishe gesi kwenye maji hayohayo. Zote mbili zitakwenda juu, ya mlima na ya kwetu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kuna mstari wa sababu hapo chini. Lazima ujazwe. Yanamwagwa kwa sababu gani?"

Nilitafuta uongo. Niliutafuta kweli, kutu, sabuni, mjusi, na hakuna hata mmoja ulioshika, maana ladha ya jiwe baridi bado ilikuwa kinywani mwangu. Kwa hiyo nikaandika ukweli, na huo ndio niliousaini: ni safi.

Akaichukua kadi, akatia sahihi yake chini ya yangu, akaenda kuwaambia wafungue chupa.